Bastola ilikuwa inang'aa, risasi ya kwanza ikagoma: uchambuzi wa kisa kimoja cha utunzaji wa silaha

Kisa hiki nimekisimamia mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Nimeondoa jina la mhusika, kazi yake, mahali, na chapa ya bastola, maana tatizo hili linaweza kuikuta chapa yoyote na sitaki mtu asome akajifariji kwamba "yangu sio hiyo". Nakiandika kirefu kwa sababu mhusika hakuwa mzembe, alikuwa anaijali silaha yake kuliko wengi ninaowaona, na ndo maana kisa kinaniuma.

Usuli

Mhusika ntamwita Mzee, ndo nilivyokuwa namwita uso kwa uso, yeye ananiita mwalimu. Ni mmiliki halali mwenye kibali, ana bastola moja tu ya 9mm, semi-otomatiki, ile ya fremu ya plastiki ngumu isiyo na nyundo nyuma, pini ya kupiga inakaa ndani ya slaidi (kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele) na kusukumwa na springi yake yenyewe. Aliinunua mpya. Amekaa nayo miaka 11 na tulipokaa kukumbuka pamoja tukapata kwamba miaka yote hiyo hajapiga zaidi ya risasi 400 hivi, na nusu yake ilikuwa mwaka wa kwanza. Mi kazi yangu ni kufundisha shabaha na kusimamia jaribio la kila mwaka, sio fundi wa silaha, naijua bastola kwa kuitumia na kuifungua ile ya kawaida tu, slaidi, mtutu, springi, basi.

Sasa sikiliza tabia zake, maana kisa chote kiko hapa. Kila asubuhi anaingiza magazini (kasha la risasi linaloingia kwenye mpini), anavuta slaidi, risasi ya juu inaingia chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa kupigwa. Kila jioni anatoa magazini, anavuta slaidi, ile risasi inaruka, anaiokota, anaipanguza kwa kitambaa na kuirudisha palepale juu ya magazini, kesho asubuhi inaingia tena risasi ileile. Jumapili anatandika gazeti mezani anatoa kopo la mafuta ya spreyi, yale mepesi ya kulegezea nati zilizoshika kutu, anapuliza kila mahali: mdomo wa mtutu, juu, chini, kwenye kitundu cha pini, ndani ya magazini mbele na nyuma. Anafuta nje mpaka inang'aa. Usiku inalala kwenye sefu ikiwa ndani ya ala yake ya ngozi.

Anazo magazini mbili, zinafanana, hazina alama. Moja ndo inakaa na risasi miaka yote, nyingine ilikuwa kwenye droo.

Na lazima niseme na la kwangu. Miaka miwili mfululizo kabla ya hapo niliikagua hiyo bastola mwenyewe. Nilivuta slaidi, nikachungulia mtutu, nikapitisha kidole, kidole kikatoka na mafuta masafi, nikamwambia mzee wangu hii umeitunza. Sikuwahi kuiona ikipiga ikiwa imetoka moja kwa moja kwenye ala na risasi anazobeba, kwa sababu jaribio tunatumia risasi za mazoezi na watu huwa wanapiga kwanza chache za kupasha.

Kilichotokea siku ya kwanza

Mwaka huo nilibadilisha utaratibu kidogo, nikasema kila mtu aanze na magazini aliyokuja nayo kiunoni, risasi zilezile, bila kupasha. Zilikuwa 10.

Mzee akachomoa, akalenga, akavuta. Ikasikika tik. Basi.

Mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye slaidi nikamwambia, "Mzee wangu, usivute, iache inaangalia mbele, tulia." Risasi ikigoma hivyo inaweza ikawa imechelewa tu kuwaka, ni nadra lakini ipo, na mtu akiitoa chemba ikalipukia nje hakuna chuma cha kulizuia ganda, vipande vya shaba vinaenda usoni na mkononi. Tunasubiri sekunde 30, mtutu unaelekea kwenye tuta. (Uwanjani tunasubiri. Ikiwa ni kuokoa maisha hiyo ni habari nyingine, pale unagonga magazini unavuta slaidi unaendelea.) Tulipoitoa nikaiweka kwenye kikopo pembeni, na hilo ndo jambo moja la maana nililofanya siku ile.

Ya pili ikalia. Ya tatu ikalia lakini ganda halikutoka, likabaki chemba na slaidi ikaja na risasi nyingine ikaisukuma nyuma ya lile ganda, vimebanana viwili. Akahangaika. Nikamsaidia: slaidi ifungwe nyuma, magazini ing'olewe kwa nguvu, slaidi ivutwe mara tatu mpaka chemba iwe tupu, kisha aanze upya. Zikaenda nne vizuri. Iliyofuata slaidi ikasimama kama milimita tatu kabla ya kufunga, akaisukuma na kiganja ikafunga, ikalia. Iliyobaki ya mwisho: tik tena. Sekunde 30 tena, nayo kwenye kikopo.

Risasi 10, matatizo manne. Mzee alikuwa amenyamaza kabisa, jasho linamtoka. Akasema, "Mwalimu, hizi risasi ni mbovu, nimekaa nazo muda mrefu." Na mi nikamwitikia.

Maamuzi, na kwa nini tuliyafanya

*La kwanza: tulibadilisha risasi.* Ilionekana ni akili ya kawaida tu, risasi zina miaka, mpya zipo mezani, jaribu. Lakini tulipobadilisha risasi tukabadilisha na magazini, maana ile ya pili ndo ilikuwa tupu mkononi. Na wakati huo bastola ilikuwa imeshapata moto. Vitu vitatu kwa mpigo. Akapiga 18, zote zikaenda kama maji. Nikamsainia, tukaagana, nikamwambia zile za zamani azilete tuziharibu kwa utaratibu, mpya abebe. Kikopo nikakifungia kwenye kabati.

*La pili alilifanya peke yake.* Wiki tatu baadaye alikuja kupiga mwenyewe, asubuhi na mapema, ya kwanza tik. Hakunipigia simu. Nadhani aliona aibu. Kuna mtu anayemwamini, mjuzi wa vyuma, akamshawishi kwamba slaidi inarudi kivivu ndo maana, akamwekea springi ya kurudishia slaidi iliyo kali zaidi ya ile ya kiwandani. Fikra ilikuwa kwamba ikisukuma kwa nguvu zaidi itafunga vizuri na itapiga vizuri. Kufunga, kweli kunasaidika kidogo. Lakini springi hiyo sio inayoisukuma pini, na mbaya zaidi slaidi sasa haiendi nyuma yote kwa risasi za kawaida, inarudi kabla ganda halijatoka vizuri. Kwa hiyo juu ya matatizo manne akaongezewa la tano: maganda yanabanwa kwenye dirisha la slaidi yanakotokea yakiwa yamesimama wima kama bomba la jiko.

*La tatu: alinirudia.* Akaja na bastola kwenye boksi, akaniambia, "Mwalimu, hii sasa siibebi tena." Tukakubaliana isipigwe hata moja mpaka fundi wa silaha mwenye kibali aifungue yote, na nikamwomba fundi niwepo.

*La nne lilikuwa la fundi,* na ndo lililookoa kisa. Kabla ya kugusa chochote akauliza: "Zilizogoma ziko wapi?" Nikamletea kikopo.

Mezani kwa fundi

Alianza na zile risasi mbili za siku ya kwanza, na springi kali bado haikuwa imeingia wakati zinagoma, kwa hiyo ule ushahidi ulikuwa safi. Akaziweka chini ya lenzi. Zote mbili alama ya pini kwenye praima (kile kidonge cha kitakoni mwa risasi kinachogongwa ili kuwasha baruti) ilikuwa ndogo, kijishimo cha juujuu kama mtu aliyebonyeza udongo na ncha ya kalamu. Akachukua ganda la risasi mpya iliyolia siku ileile baada ya bastola kupata moto, kijishimo kikubwa, kimezama. Pini ileile, siku ileile.

Kisha akazisimamisha juu ya meza, zile mbili pamoja na nyingine ya boksi hilohilo ambayo haijawahi kutoka kwenye boksi. Hata bila kipimo niliona. Ile iliyogoma kwanza ilikuwa fupi. Akaibana kwenye kalipa, kile kipimo cha taya mbili: milimita 28.1. Wenzake 29.3. Hiyo ndo ile ya juu ya magazini, iliyokuwa inaingia na kutoka chemba kila siku. Kila ikiingia kichwa chake kinagonga kijiteremko cha kuingilia chemba, na kila kipigo kinakirudisha nyuma kidogo ndani ya ganda, huoni kwa siku moja, lakini piga hesabu siku mia mbili, mia tatu. Ganda la 9mm ni dogo, nafasi ya baruti ni ndogo, ukikisukuma kichwa ndani zaidi ya milimita moja presha inapanda vibaya sana. Kiwango cha juu cha presha kwa 9x19 kwenye viwango vya C.I.P., chombo cha kimataifa cha kupima silaha na risasi, ni megapaskali 235, na bastola imetengenezwa kwa kufikiria hiyo, sio kwa kufikiria risasi iliyobonyea. Kwa hiyo kugoma kwake siku ile ilikuwa bahati ya Mzee. Fundi akaitenga pembeni, akasema hii haipigwi popote.

Ile ya pili iliyogoma urefu wake ulikuwa sawa. Akaiweka kwenye bastola nyingine ya kaliba hiyohiyo, akaenda kwenye pipa la mchanga, akavuta. Ikalia mara moja. Akarudia na nyingine tano kati ya zile "mbovu". Zote zikalia.

Kwa hiyo risasi hazikuwa mbovu. Wiki tatu tulikuwa tunaamini uongo tuliojipa wenyewe.

Akavaa glavu (masizi ya praima yana risasi ile metali, sumu, na watu wengi wanafungua silaha mikono mitupu kisha wanashika chakula) akatoa bamba la nyuma ya slaidi, akachomoa pini. Haikuchomoka, ilivutika. Ilitoka imevaa utandu mweusi mzito kama lami, na alipoingiza kijiti cha pamba kwenye mfereji wa pini kikatoka cheusi tii na vijichembe vya shaba na baruti isiyoungua vinameremeta ndani yake. Miaka 11 ya mafuta mepesi kupulizwa kwenye kitundu. Mafuta ya aina ile yanakausha sehemu yake nyepesi na kuacha gundi, gundi inashika vumbi na masizi, na pini inayotakiwa kuruka inakuwa inatembea.

Hapo ndo nikaelewa kwa nini risasi 18 zilienda vizuri. Bastola ikiwa ya baridi, uchafu ule ni mzito, pini inagonga kwa uvivu. Ukipiga kadhaa chuma kinapata moto na pini inakuwa imesuguana, utandu unalegea, pini inapita. Tik ya mwisho ya raundi ile ya kwanza inaonyesha bado ilikuwa mpakani, nyingine inapita nyingine haipiti. Yaani bastola ilikuwa inaficha ugonjwa wake kila inapopashwa, na sisi kila mwaka tulikuwa tunaipasha kwanza ndo tunaiangalia.

Mengine aliyoyakuta, kwa haraka:

Kucha ya kuvutia ganda ilikuwa nzima, springi yake nzima, lakini chini yake pamejaa masizi yaliyoshindiliwa na mafuta, haishiki ukingo wa ganda kisawasawa. Ndani ya chemba kulikuwa na vidoadoa vya kutu vilivyokula chuma, sita au saba upande wa chini, na hii fundi aliielekezea ala ya ngozi: ngozi inanyonya unyevu na inabaki na kemikali na chumvi za kutengenezea, ukiilaza silaha humo usiku na mchana ndani ya sefu isiyopitisha hewa ni kama umeifunika na kitambaa kibichi. Magazini ya kwanza midomo yake ilikuwa imepanuka, upande mmoja zaidi ya mwingine, na kile kibao kinachosukuma risasi juu kilikuwa kinakwama katikati kwa ule utandu uleule. Ukibonyeza kwa kidole kinapanda kwa kusitasita.

Springi ya magazini yenyewe, cha ajabu, haikuwa na tatizo. Watu wengi wanaamini springi inakufa kwa kukaa imebanwa muda mrefu. Springi nzuri iliyobanwa ndani ya kipimo chake haichoki sana kwa kukaa, inachoka kwa kubanwa na kuachiwa mara nyingi, na hii ilikuwa haijafanya kazi hiyo.

Matokeo

Mfereji wa pini ulisafishwa ukaachwa mkavu kabisa. Kucha ikatolewa, ikasafishwa, ikarudi. Springi kali ikatupwa, ikaingia mpya ya kipimo cha kiwandani. Magazini ya kwanza ikapondwa kwa nyundo mbele ya Mzee, hilo nililitaka mimi maana magazini mbovu ukiiweka kando "ya mazoezi" siku moja itarudi kiunoni. Zikanunuliwa mbili, zote tatu zikaandikwa namba kwa rangi chini ya kitako.

Jaribio tukalipanga risasi 200 kwa vikao vinne, kila kikao risasi tano za kwanza zinapigwa bastola ikiwa ya baridi, kutoka kwenye ala, risasi zilezile za kubeba, na kila tatizo linaandikwa na namba ya magazini.

Kikao cha kwanza, risasi ya 31, ganda likabaki chemba. Magazini namba 2. Hapa nilimwona Mzee anataka kusema "magazini", nikamwambia subiri. Tukatoa ganda kwa kijiti kutoka mbele baada ya kuhakikisha slaidi imefungwa nyuma na bastola haina risasi nyingine. Ubavuni mwa ganda kulikuwa na michubuko midogo iliyolingana na vile vidoa vya kutu. Shaba inapolipuliwa inavimba na kujibana kwenye ukuta wa chemba, kisha inatakiwa isinyae na kuachia, ukuta ukiwa na vishimo inavimbia ndani yake na kung'ang'ania. Mtutu ukabadilishwa. Tukaanza kuhesabu upya kutoka sifuri, Mzee hakufurahia lakini alikubali.

Safari hii 200 zikaisha bila tatizo hata moja.

Nilivyokiona: kilichosaidia

Kikopo. Tungezitupa zile risasi mbili zilizogoma kwenye ndoo ya maganda tusingejua kitu hata leo. Risasi iliyogoma ni shahidi: urefu wake unasema jambo, alama ya pini inasema jambo lingine, na hapa mashahidi wawili walikuwa na hadithi mbili tofauti (moja imebonyea, nyingine nzima) lakini jeraha lao lilikuwa moja.

Pili, fundi alibadilisha kitu kimoja kwa wakati. Risasi ileile, bastola nyingine. Jaribio la dakika tano, likafuta dhana ya wiki tatu. Mimi niliyekuwa na bastola tano zingine za kaliba hiyo mezani siku ile sikufikiria kulifanya.

Na tatu, kuanza na risasi za kubebwa bila kupasha. Hilo tu ndo lililofichua tatizo. Mtu anayebeba silaha kwa kujilinda hatapata nafasi ya kupiga kumi za kupasha. Yake ni ile ya kwanza, ya baridi, iliyokaa.

Kilichofeli

Kubwa kuliko yote ni kwamba mimi na Mzee wote tulikuwa tunapima utunzaji kwa kung'aa. Kidole kikitoka na mafuta masafi tunasema imetunzwa, wakati mafuta ndo yalikuwa yanaiua. Watu wanapoambiwa silaha haiaminiki wanafikiri imekauka, imesahauliwa, ina utando wa buibui. Hii ilisafishwa kila Jumapili! Lakini Mzee alikuwa anasafisha anapopaona na kupaka anapopafikia, na mahali penye kazi, chini ya kucha, ndani ya mfereji wa pini, ukuta wa chemba, hapakuguswa na brashi hata siku moja, pakapokea mafuta tu.

Nieleze hili la mafuta vizuri maana ndo naulizwa kila wiki. Mafuta ni ya pale chuma kinaposugua chuma: reli za slaidi, tone moja kila upande, mgongo wa mtutu pale unapopita kwenye slaidi, na sehemu mbili tatu ambazo kitabu cha mtengenezaji kinazionyesha kwa mishale. Mfereji wa pini kwa bastola za namna hii, mkavu. Ndani ya magazini, pakavu. Chemba unaipangusa ikabaki kavu kabla ya kuweka risasi, na risasi zenyewe hazipakwi kitu, mafuta yanayopenya yanaweza kutafuta njia mpaka kwenye praima. Na yale ya kulegezea nati ni ya kulegezea nati.

Halafu kuna hesabu, na hii ilinishtua nilipoifanya. Risasi 18 bila tatizo niliziona kama uthibitisho. Kuna kanuni rahisi ya takwimu: ukijaribu kitu mara kadhaa na kisifeli hata mara moja, gawa 3 kwa idadi ya majaribio, unapata takribani kiwango kikubwa cha kufeli ambacho bado kinaweza kuwepo kwa uhakika wa asilimia 95. Kwa 18 inakuja kama 16 au 17 katika 100. Yaani nilimsainia mtu bastola ambayo kwa ushahidi niliokuwa nao ingeweza kugoma karibu mara moja kila sita. Kwa 50 inashuka mpaka 6 katika 100. Kwa 200 ni moja na nusu. Ndo maana tulipobadilisha mtutu nikasisitiza tuhesabu upya, zile 31 zilikuwa za bastola nyingine tayari.

Na ile springi. Simlaumu aliyeiweka, alitaka kusaidia. Ila alitibu bila kuuliza ni tatizo gani kati ya manne. Tik ni habari ya pini na praima. Slaidi kutofunga ni habari ya uchafu, springi, au risasi yenyewe. Ganda kubaki ndani ni kucha au chemba. Risasi kupanda vibaya, anza na magazini. Kila tatizo lina mlango wake wa kuingilia, na ukibadilisha kitu kabla hujajua mlango unaongeza tatizo juu ya tatizo na unafuta nyayo za lile la kwanza.

Kisa hiki kimenikumbusha sana yaliyowapata askari wa Marekani kule Vietnam na bunduki ya M16 miaka ya 1966 na 1967. Ilikuja na sifa kwamba haihitaji kusafishwa sana, vifaa vya kusafishia vikawa haba, baruti ikabadilishwa ikawa ya aina inayoacha masizi zaidi na kuharakisha mwendo wa bunduki, na chemba haikuwa na kromu kwa hiyo ikashika kutu kwenye ule unyevu. Maganda yakawa yananasa chemba vitani, askari wengine walikutwa wamekufa na bunduki zimefunguliwa wakijaribu kuitoa. Bunge la Marekani likaunda kamati ndogo kuchunguza, ripoti ikatoka 1967. Kilichofuata ni chemba ya kromu, vifaa vya kusafishia kwa kila askari, na mafunzo ya namna ya kuisafisha. Ukiangalia vizuri hapakuwa na sababu moja, ni nne tano zimeshikana mikono, kila moja peke yake ingevumilika. Ya Mzee nayo hivohivo: mafuta, ngozi, risasi ya juu, midomo ya magazini. Ukitafuta "tatizo" la umoja hutalipata.

Hali ilivyo sasa

Mzee ana daftari. Ukurasa wa kwanza kaandika tarehe ya mtutu mpya na springi mpya, kila kikao anaandika idadi na magazini namba ngapi. Kila miezi mitatu anakuja, tano za kwanza za baridi, halafu anaendelea. Ala ya ngozi bado anaivaa mchana, usiku bastola inalala sefuni kwenye kitambaa kikavu na vifuko vya kunyonya unyevu. Kopo la spreyi limehamia kwenye boksi la vifaa vya gari.

Kwa risasi ya juu tulibishana kidogo. Nilimwambia kama mazingira yake yanaruhusu aiache bastola ikiwa na risasi ndani ya sefu iliyofungwa, asitoe kila jioni, yeye ana wajukuu nyumbani na akakataa, akasema chemba italala tupu. Sikumbishia tena. Kwa hiyo sasa kila risasi ya juu anaichora mstari wa wino ubavuni kila inapoingia chemba, ikifika mistari mitatu inaingia kwenye boksi dogo, na kabla ya hapo kila jioni anaisimamisha kando ya mpya, macho usawa wa meza, kuangalia kama imefupika. Mara ya mwisho alipokuja boksi lilikuwa na 22. Tukazipima kwa kalipa moja moja, mbili zikawa zimebonyea, tukazitenga. 20 zilizobaki alizipiga mwenyewe asubuhi ile, magazini namba 3, na daftarini akaandika sifuri kwenye safu ya matatizo.